Yadi imetusimamisha kazi: nikope Hustler Fund au tusajili kikundi?

Kijana wa Chaani:
Asalaam aleikum ndugu zangu. Nilikuwa karani kwenye yadi ya makontena huku Changamwe, Mombasa. Mizigo imepungua, tumesimamishwa. Nina miaka 31, mke na mtoto, na kodi ya nyumba haingoji. Wenzangu wanasema nikope Hustler Fund, ule mkopo wa serikali wa kwenye simu, nifungue kibanda cha viazi karai. Wengine wanasema nisubiri serikali ilete kazi kama zile za Kazi Mtaani. Nishaurini.

Bi Mkubwa Majengo:
Pole mwanangu. Kazi Mtaani naijua, wanangu wawili walizibua mitaro mwaka 2020, hoteli zote zimefungwa kwa sababu ya korona. Walilipwa Sh455 kwa siku, tena kwa zamu. Ilitulisha, sitasema vingine. Lakini ilikwisha na mitaro ikajaa tena. Ikija ipokee, usiingoje.

Fundi wa Likoni:
Hustler Fund haianzishi kibanda, kaka. Mkopo wa kwanza ni mdogo, wa Sh500 ama elfu moja hivi, asilimia 5 yakatwa iwe akiba, na ndani ya siku 14 wadaiwa. Karai, jiko, mafuta na gunia la viazi utanunua na nini? Yamfaa aliye na biashara tayari.

Mzabuni Tudor:
Sajilini kikundi muombe cheti cha AGPO, mpango wa serikali wa kuwapa zabuni makundi maalum. Asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Cheti ni bure, anayekuomba hela ni tapeli. Nyinyi mnajua kupakia, kuhesabu mizigo, kusafisha maghala, na kazi hizo hutangazwa. Anzeni na ndogo, kwa maana malipo huchelewa: mimi ofisi moja iliniweka mpaka mwaka ukapinduka, nikawaachisha vijana wanne. Hilo laniuma sana. Serikali ikitaka vijana wapate kazi wakati uchumi umelala, ianze kwa kulipa madeni ya wazabuni wadogo. Fedha hizo zingerudi mtaani wiki hiyohiyo kama mishahara. Na ipime maagizo yake: mizigo ilipolazimishwa kupanda reli ya SGR, yadi na malori ya Mombasa yaliumia mpaka agizo lilipoondolewa Septemba 2022.

Kijana wa Chaani:
Ahsanteni sana. Tuko sita, mmoja ana miaka 41. Twaweza?

Mzabuni Tudor:
Mwaweza. Sharti ni asilimia 70 ya wanachama wawe vijana, na viongozi wote wawe vijana. Huyo mkubwa wenu asiwe mwenyekiti, katibu wala mhazini.