Mrejesho: Fremu ya baiskeli ya soketi, fedha au shaba ya njano?

Ndugu wataalamu, niliwauliza kama mabomba ya chuma ya fremu ya baiskeli inayoshikwa kwa soketi (vipande vya chuma vyenye matundu ambamo ncha za mabomba huingizwa) yaunganishwe kwa shaba ya njano au kwa fedha, nami nawashukuru kwa dhati kwa majibu yenu. Nilichagua fedha, kwa sababu aloi (mchanganyiko wa metali) yenye asilimia 56 ya fedha huyeyuka karibu na nyuzi 650 za Selsiasi, ilhali shaba ya njano hudai takriban nyuzi 900, joto ambalo ni kali mno kwa bomba lenye unene wa milimita 0.6 tu katikati.

Kazi kubwa, kama mlivyonieleza, ilikuwa ya tupa na wala si ya moto. Fedha haizibi pengo pana. Hupenya yenyewe pale tu ambapo bomba na soketi vimeachana kwa takriban milimita 0.1, tena vikiwa vimesuguliwa hadi kung'aa na kupakwa flaksi, dawa inayozuia chuma kisishike kutu kinapopashwa moto. Kwenye soketi ya usukani niliigusisha fedha upande mmoja, nikaupeleka moto upande wa pili, na mstari mweupe ukajitokeza kwenye ukingo mzima. Hapo ndipo nilipofurahi kuliko hatua nyingine yoyote. Flaksi iliyogandamana ililainika kwa maji ya moto.

Fremu imenyooka: uzi uliovutwa kutoka ncha za nyuma, zinazoshika gurudumu, hadi bomba la usukani uko umbali uleule kutoka bomba la kiti, kushoto na kulia. Imebaki rangi, nami nimemwomba fundi aipulize nyembamba ili kingo za soketi zisifunikwe.