Data za visima Kigoma: tulipie programu au twende na QGIS?

Mwanga_Kaskazini
Wakuu, habari za jioni. Niko Kigoma mjini, kwenye taasisi ndogo inayoshughulikia maji vijijini. Tuna data za visima na vilula, tunataka ziingie kwenye majedwali ya databesi kwa kutumia programu ya ramani, ili mtu akigusa kisima kwenye ramani aone taarifa zake zote. Bosi anataka jibu Ijumaa: tulipie leseni ya FME (programu ya kuhamisha data) au ArcGIS (ya ramani), au twende na QGIS, programu ya ramani ya bure? Mliopita njia hii naomba mawazo yenu. Nawasilisha.

FundiMajedwali
Mkuu, umeleta nusu ya habari. Databesi gani? Faili ni Excel, Shapefile (faili la ramani), au zimetoka kwenye simu kwa KoboToolbox (fomu za kukusanyia data)? Mistari mia tano au laki tano? Majedwali yapo tayari au ndiyo unayaunda? Mara moja au kila mwezi? Bila hayo kila mtu hapa atakupigia debe la programu yake.

Isevya_Tabora
QGIS mkuu. Hiyo hela nunueni matairi ya pikipiki za kwendea vijijini. Mimi hapa Tabora napakia data za mizinga ya nyuki kila msimu. Naburuta faili, nadondosha kwenye PostgreSQL, databesi yetu, pale pembeni, jedwali limeshazaliwa. Dakika mbili.

FundiMajedwali
Jedwali JIPYA limezaliwa. Kama tayari ana yake, kuburuta hakumsaidii. Kazi iko kwenye kuoanisha kolamu: "jina la kijiji" la kwenye Excel liingie kwenye "kijiji" la kwenye jedwali, kina cha kisima kilichoandikwa kama maandishi kigeuke namba. Ukinakili na kubandika ndani ya QGIS, kolamu ambazo majina hayafanani zinaingia tupu, wala hupati onyo la maana.

Mwanga_Kaskazini
Samahani wakuu. Ni PostgreSQL yenye PostGIS (nyongeza ya data za ramani), aliiweka kijana ambaye ameshahama. Majedwali yapo na yana data za mwaka jana. Faili ni Excel za wilaya nne: Kigoma, Uvinza, Kasulu na Buhigwe. Mistari kama elfu tatu, na zitakuja kila robo mwaka.

BintiUjiji
Kaka, hapo kwenye "majedwali yapo na yana data" ndipo nilipolia mimi. Nikueleze ili usipite nilipopita.

Nilikuwa na jedwali la visima la miaka miwili. Ijumaa jioni nikaletewa mistari 412 ya kuongeza. Nikafungua DB Manager (dirisha la databesi) ndani ya QGIS, nikachagua faili, nikaandika jina la jedwali lilelile. Ikakataa, ikasema jedwali lipo. Kuna kisanduku cha kuweka tiki kinachosema badilisha jedwali lililopo. Nikakielewa kama "ongeza humo". Nikaweka tiki, ikapita, nikaona vitone kwenye ramani, nikafunga ofisi nikaenda zangu.

Jumatatu mwenzangu ananiuliza mbona Kalinzi haina kisima hata kimoja. Nikahesabu mistari: 412. Jedwali la zamani lilifutwa lote, na ufunguo wake (namba inayotambulisha kila kisima) na maelezo ya kila ziara. Bakapu niliyokuwa nayo ilikuwa ya miezi minne nyuma.

Tulirudi kwenye madaftari. Wiki tatu, mimi na vijana wawili wa kujitolea, kuanzia asubuhi hadi macho yanauma. Daftari moja lilikuwa limelowa mvua, kurasa nne wino umeenea wote. Visima vya kwenye kurasa hizo mpaka leo havina tarehe ya kuchimbwa. Kila nikifungua ramani naviona.

Tangu siku hiyo sipakii chochote moja kwa moja. Kwanza pg_dump, yaani bakapu ya databesi. Halafu data inaingia jedwali la muda, naikagua, ndipo naihamisha kwa amri ya INSERT (ongeza) ndani ya BEGIN (anza) na COMMIT (thibitisha). Hesabu ikikataa, ROLLBACK (rudisha ilivyokuwa), hakuna kilichoharibika.

Isevya_Tabora
Pole sana dada. Ila hapo QGIS haina kosa.

BintiUjiji
Sijailaumu. Nasema kisanduku kile kimekaa orodha moja na cha kuunda faharasa, na mtu aliyechoka ataweka tiki vyote.

DirishaJeusi
Ndiyo maana mimi natumia ogr2ogr, amri ya kuhamisha data za ramani. Unaandika amri mara moja, unaihifadhi, robo ijayo unabadilisha jina la faili tu. Geuza Excel iwe CSV (maandishi yaliyotenganishwa kwa koma) ya UTF-8, kisha:

ogr2ogr -append -f PostgreSQL PG:"dbname=maji" kasulu.csv -nln visima_muda -oo X_POSSIBLE_NAMES=lon -oo Y_POSSIBLE_NAMES=lat -a_srs EPSG:4326

Angalia neno -append. Ukiandika -overwrite yatakukuta ya BintiUjiji. Na kumbuka X ni longitudo. Ukizigeuza, visima vyako vinatua jangwa la Sahara. Ukisahau alama ya kutoa kwenye latitudo, vinahamia Sudan Kusini.

MtuWaReli
Mbona FME haina wa kuisemea? Nimeitumia kwenye mradi. Unavuta mstari kwa macho yako kutoka kolamu hadi kolamu, na mistari mibovu unaielekeza faili la pembeni uione. Kwa kuoanisha sijaona mfano wake. Tatizo mradi ulipoisha leseni nayo ikaisha, na kazi zote tulizochora hazikufunguka tena. Muulize bosi nani atalipa mwaka wa tatu.

Mpima_Mstaafu
Wanangu, mnabishania programu, na hakuna aliyemuuliza koodineti ziko mfumo gani. Longitudo 30 inapita katikati ya mkoa wa Kigoma. Mjini na Ujiji wako kanda 35 ya UTM (mfumo wa koodineti za mita unaoigawa dunia kwa kanda), Kasulu mjini na Uvinza mjini wako kanda 36. Tazama kolamu ya mashariki: ikianza na 7 au 8 ni kanda 35, ikianza na 1 au 2 ni 36. Ukizipakia zote kama 35, visima vya Kasulu vinasogea digrii 6 magharibi. Hizo ni zaidi ya kilomita 600, ndani kabisa ya Kongo.

Isevya_Tabora
Shikamoo mzee. Lakini siku hizi simu zote zinatoa WGS 84 (mfumo wa GPS) kwa digrii, hayo ya kanda yalishapita. Sisi Tabora hatuna shida hiyo.

Mpima_Mstaafu
Marahaba. Tabora mko kanda 36 yote, ndiyo maana hamjaiona. Na Excel ya wilaya huenda mtu aliisoma kutoka ramani ya karatasi ya Arc 1960, mfumo wa zamani. Kati ya hiyo na WGS 84 kuna karibu mita 300. Kwa kisima, mita 300 ni kitongoji kingine.

FundiMajedwali
Mzee amegusa penyewe. Na msichanganye amri za PostGIS, ST_SetSRID na ST_Transform. Ya kwanza inabandika lebo ya mfumo tu, ya pili ndiyo inayokokotoa koodineti upya. Nimeona watu wanabandika lebo wakidhani wamehamisha.

DirishaJeusi
Na asiguse Shapefile njiani. Majina ya kolamu yanakatwa herufi 10. "tarehe_ya_kuchimbwa" na "tarehe_ya_ukarabati" zote zinaanza "tarehe_ya_". Tumia GeoPackage, faili la ramani lisilokata majina hivyo.

Isevya_Tabora
Shapefile inafunguka kila mahali, mimi siiachi.

DirishaJeusi
Inafunguka, majina hayapo.

BintiUjiji
Jamani muacheni kaka. Mwanga, hebu bandika mistari mitatu ya faili la Kasulu tuione.

Mwanga_Kaskazini
Hii hapa, kolamu ni kijiji, mashariki, kaskazini, hali:
Heru Juu, 178410, 9497220, Kinafanya kazi
heru juu, 178410, 9497220, kinafanya kazi.
HERU-JUU, 30.10, -4.55, KK

Bosi ananiuliza bei ya leseni sasa hivi. Nimwambieje?

Mpima_Mstaafu
Mwambie asubiri. Hivyo ni visima vitatu au ni kisima kimoja?

Mwanga_Kaskazini
Sijui mzee. Kesho napanda gari la Kasulu nikawaulize.