Farasi wanne wa Ufunuo 6: tunabishana juu ya mweupe, mweusi anapita

Mleta mada

Bwana asifiwe, wapendwa. Tarehe 24 Aprili 2024 farasi wa kikosi cha ulinzi wa mfalme wa Uingereza walishtuka jijini London baada ya vifaa vya ujenzi kudondoka karibu nao. Waliwaangusha askari, wakatimua mbio barabarani na kugonga magari. Picha iliyozunguka dunia ilikuwa ya farasi wawili wakikimbia pamoja, mweupe aliyelowa damu kifuani na mwenzake mweusi. Haikupita siku, makundi ya WhatsApp ya makanisa yetu yakajaa Ufunuo sura ya 6, pale Mwanakondoo, yaani Kristo, anapofungua mihuri ya kitabu na wanatoka farasi wanne, mweupe, mwekundu, mweusi na wa nne wa rangi ya kijani iliyofifia: mihuri imefunguliwa, mweupe kageuka mwekundu, mweusi yuko ubavuni, tubuni. Farasi wale walitibiwa, wakapona. Sikuona aliyerudi kusahihisha alichotuma.

Na si mara ya kwanza. Mwaka 2020 tuliambiwa korona ni lile taji la mpanda farasi mweupe, na uta wake usiotajwa mishale ni sindano ya chanjo. Mwaka 2011 mng'ao wa kijani kwenye video ya maandamano ya Cairo ulisambazwa kama farasi wa nne akikatiza katikati ya watu.

Msimamo wangu nautoa mapema ili mnijibu. Farasi hawa si kalenda. Yohana anatuonyesha jinsi tamaa ya kushinda inavyozaa vita, vita vikazaa njaa, njaa ikazaa mauti, na kwamba hata hayo hayajamtoka mkononi Mwanakondoo. Anayewageuza kuwa taarifa ya habari anaupoteza ujumbe wenyewe, hasa ule wa farasi mweusi, ambao kwangu ndio mzito kuliko yote na ndio sisikii ukihubiriwa.

Yohana hakuanza na farasi wapya. Zekaria aliwaona karne nyingi kabla yake: katika sura ya 1 wanatembea duniani na kuleta habari, katika sura ya 6 wanavuta magari manne yanayotoka kati ya milima miwili ya shaba. Ezekieli 14:21 ina hukumu nne, upanga, njaa, hayawani wabaya na tauni, na ndizo hizo hizo anazopewa farasi wa nne katika Ufunuo 6:8. Msikilizaji wa Efeso au Smirna aliyezijua torati na manabii alikuwa na ufunguo mkononi bila kungoja video.

Sasa huyu mweupe, anayetugawa. Wako wanaosema ni Kristo. Hoja hiyo ni ya kale: askofu Irenaeus wa Lyon aliishika katika karne ya 2, na Victorinus wa Pettau, aliyeuawa kwa imani yake mwanzoni mwa karne ya 4, alimwona kama neno la Injili linalotoka kwenda ulimwenguni. Wako wanaosema ni Mpinga Kristo, na usomaji huo umetufikia zaidi kwa njia ya wafuasi wa John Nelson Darby, mhubiri wa karne ya 19 aliyefundisha habari za siku za mwisho, na maelezo ya Biblia ya Scofield ya mwaka 1909. Mashahidi wa Yehova wanafundisha kwamba ni Yesu, na kwamba alianza kupanda mwaka 1914.

Mimi siwezi kumwita Kristo. Mwanakondoo yuko pale pale kwenye kiti cha enzi anafungua mihuri, na mpanda farasi anaitwa kwa neno "Njoo", anapewa taji, anatoka. Wenzake watatu ni maafa matupu, nao ni kundi moja. Yule wa sura ya 19 anakuja na vilemba vingi, silaha yake ni upanga utokao kinywani, na jina lake ni Neno la Mungu. Huyu wa sura ya 6 ana uta. Kwa watu wa Asia Ndogo mwishoni mwa karne ya 1, farasi na uta viliwakumbusha wengi Waparthi, wapiga mishale wa mashariki walioliangamiza jeshi la Kirumi pale Carrhae mwaka 53 K.K. na kulifedhehesha tena mwaka 62 B.K. Kwa hiyo nasema ni ushindi wa kijeshi wenyewe, uliovaa meupe ili upendeze. Sioni haja ya kumtafutia mtu mmoja.

Niende kwa mweusi, maana hapa ndipo nataka tukae. Anashika mizani. Sauti inatangaza bei: kibaba cha ngano kwa nusu rupia, vibaba vitatu vya shayiri kwa nusu rupia, wala usiyadhuru mafuta wala divai. Nusu rupia ya Biblia yetu ndiyo ile dinari ya Mathayo 20, ujira wa kibarua wa kutwa. Kibaba ni kama lita moja, chakula cha mtu mmoja kwa siku. Maana yake baba anafanya kazi kutwa nzima, analisha tumbo lake tu. Akitaka watoto nao wale, anunue shayiri, chakula cha mifugo na maskini.

Hii si ndoto ya mtu aliyefungwa kisiwani bila kujua sokoni kukoje. Antiokia ya Pisidia, mji ule ule wa Matendo 13, palipatikana maandishi ya jiweni ya amri ya liwali wa Kirumi, Antistius Rusticus, ya miaka ya 92 hadi 93 B.K. Baridi kali ilikuwa imeharibu mavuno na bei ya nafaka ikapanda. Liwali akaamuru kila mwenye nafaka aseme anayo kiasi gani, akakataza kuuza modio moja, kipimo cha nafaka cha Kirumi, kwa zaidi ya dinari moja, bei ambayo tayari ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya kawaida ya hapo. Modio moja ni karibu vibaba vinane. Basi piga hesabu: bei ya farasi mweusi ni mara nane ya bei ya juu kabisa ambayo liwali alikubali wakati wa njaa. Na wakati huo huo mizabibu na mizeituni ya matajiri haiguswi. Suetonius, mwandishi wa Kirumi wa maisha ya makaisari, anasimulia kwamba Kaisari Domitiano, nafaka ilipoadimika, aliagiza mizabibu ikatwe hadi nusu majimboni, kisha hakulisimamia agizo lake. Irenaeus anaiweka njozi ya Yohana mwishoni mwa utawala wa huyo huyo Domitiano.

Ndiyo maana inaniuma tunapokesha kutafuta alama kwenye video za London, na hapa kwetu mtu ananunua mahindi yote ya kijiji wakati wa mavuno, anayafungia ghalani, kisha anayauza Februari kwa bei anayoitaka, na Jumapili anakaa kiti cha mbele. Mizani imo katika Ufunuo 6. Nani amewahi kusikia hubiri lake?

Mzee wa kanisa, Upareni

Mwanangu, hoja ya mizani naipokea kwa moyo wote. Lakini unatupa mapema mno usomaji wa kihistoria. Sisi Wasabato, ambao Injili hii ilifika milimani kwetu mwaka 1903, tulifundishwa kwamba mweupe ni kanisa la mitume katika usafi wake, mwekundu ni mateso, mweusi ni giza la mafundisho lililoingia baada ya Kaisari Konstantino, na wa nne ni mauti ya kiroho ya karne za kati. Danieli alionyeshwa wanyama wanne, nao wakawa falme nne kwa mfuatano. Kwa nini mihuri isifuate mwendo huo huo?

Mwalimu wa shule ya Jumapili

Mimi nabaki na Irenaeus. Nyeupe katika Ufunuo ni rangi ya mbinguni: nywele za Kristo, mavazi ya washindi, wingu, kiti cha enzi. Iweje mara moja tu iwe ya adui? Na Mathayo 24 pamoja na vita na njaa inataja Injili kuhubiriwa ulimwenguni kote. Injili nayo inapanda katikati ya maafa, kaka.

Kijana

Swali langu ni dogo. Kama si dalili za nyakati, Yesu alisema kesheni kwa sababu gani?

Mleta mada

Dada Mwalimu, hoja ya rangi ina nguvu, siikatai. Ila Mathayo 24 haianzi na Injili. Inaanza na watakaokuja kwa jina lake na kudanganya wengi, ndipo vita, ndipo njaa. Anayejifanya Kristo lazima avae meupe, la sivyo amdanganye nani?

Kijana, Yesu anapotaja vita na njaa anasema mwisho bado, hayo ni mwanzo wa utungu. Angalia historia yetu. Wajerumani walikuja kushinda. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vikaanza kusini, wakateketeza mashamba na maghala kwa makusudi ili njaa ifanye kazi iliyoshinda bunduki, na waliokufa kwa njaa na magonjwa wakawa wengi kuliko waliokufa vitani. Kisha ikaja vita ya 1914, majeshi yakabeba ng'ombe, nafaka na wanaume wa Ugogo, ikafuata njaa ya Mtunya. Wale wanaoutaja mwaka 1914 hawakuota. Farasi kweli walipita. Walikuwa wamepita pia miaka tisa kabla. Kukesha ni kumtambua mweupe angali anashangiliwa, kabla wengine hawajatoka nyuma yake.

Mzee, shikamoo. Danieli hakuachiwa akisie. Malaika alimwambia katika 7:17 kwamba wanyama ni wafalme wanne, na katika sura ya 8 Umedi, Uajemi na Uyunani vikatajwa waziwazi. Yohana naye akitaka tujue, hutuambia: nyota ni malaika wa makanisa, vichwa saba ni milima saba, mwanamke ni mji ule mkubwa. Kwa farasi wanne ni mmoja tu aliyetajwa jina, Mauti, na Kuzimu anamfuata. Konstantino simwoni hapo. Kama kuna aya inayomweka hapo, nioneshe, mzee wangu, nami nitaisoma pamoja nawe.