Hamu ya tendo imekata: kidonge, sindano au unga wa Mwanjelwa?

MamaWawili_Uyole: Wadau habari za usiku. Nina miaka 34, mtoto wangu mdogo ana miezi minane, bado ananyonya. Hamu ya tendo imekata kabisa. Baba watoto hasemi kitu, ila siku hizi analala kageukia ukutani. Sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya, kuna kijana anauza unga umefungwa kwenye gazeti, eti kijiko kimoja kwenye uji. Shoga yangu aliyeko Marekani anasema kuna kidonge cha wanawake. Kipi afadhali?

Mkinga_Halisi: Mmegee nusu ya kile cha bluu cha wanaume, kesi imeisha 😂

Famasia_Iringa: Mkinga, acha hizo. Viagra inasukuma damu, haileti hamu. Pfizer wenyewe waliijaribu kwa wanawake, mwaka 2004 wakaachana nayo.

Dada, kidonge anachosema shoga yako ni Addyi, kiliidhinishwa Marekani 2015. Hakimezwi siku ya shughuli. Ni miligramu 100 kila usiku ukienda kulala, na wiki nane zikipita bila mabadiliko unaacha. Kwenye majaribio faida ilikuwa ndogo: kama nusu mpaka tendo moja la kuridhisha la ziada kwa mwezi, ukilinganisha na waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kikikutana na pombe presha inashuka, unaweza kuzimia. Sasa msimu wa ulanzi huku kwetu, nani wa kumlinda nani? Halafu anayenyonyesha hashauriwi kukitumia, kwa hiyo kwako hapana.

Bibi_Harusi_Njombe: Na ile sindano ya kujichoma?

Famasia_Iringa: Vyleesi, ya 2019. Unajichoma tumboni au pajani dakika 45 kabla. Wanawake kama wanne kati ya kumi walipata kichefuchefu, na presha hupanda kwa muda. Mwenye presha isiyotulia asiiguse. Binafsi sioni raha ya kuanza mapenzi na ndoo pembeni.

Huo unga ndio unanitisha zaidi. Hata Marekani wamekuta mara nyingi "dawa za asili" za nguvu zimechanganywa kimyakimya na sildenafil, dawa yenyewe iliyomo kwenye Viagra. Wewe utajuaje umepima kiasi gani, na mtoto yuko ziwani?

Mama_Tukuyu52: Mwanangu, ngoja nikuulize bila aibu. Hutaki, au unaumia? Mimi hedhi ilipokoma nilidhani hamu imekufa, kumbe ulikuwa ukavu. Nikisikia mzee anafunga mlango wa nje tu, mwili unakaza. Daktari akanipa krimu ya ukeni yenye estrojeni, homoni ya kike, nikaongezea kilainishi cha maji. Mafuta ya nazi usiweke kama mnatumia kondomu, inapasuka.

Famasia_Iringa: Mama kagusa penyewe. Kunyonyesha nako kunashusha estrojeni, ukavu unakuja hata ukiwa na miaka 34. Kuna dawa nyingine unatumia? Fluoxetine, dawa ya sonona, kwa mfano, inaua hamu kwa wengi.

MamaWawili_Uyole: Dawa situmii. Ila ndiyo, naumia. Sikuandika mwanzo kwa aibu. Na usiku mtoto ananiamsha mara nne, sijui hata hiyo hamu ingepita saa ngapi. Alhamisi nampeleka kliniki, nitamwambia nesi na mimi nina langu. Kilainishi nachukua kesho.

Mkinga_Halisi: Na unga?

MamaWawili_Uyole: Nilishanunua jana 🙈 Ulikuwa jikoni nyuma ya chumvi. Nimeutupa chooni, mama mkwe asije akauweka kwenye pilau.