Tupeane uzoefu: Mipangilio ya ruta iliyofanya video ziache kukwama nyumbani

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Ndugu zangu, naomba tukusanye hapa yale tuliyoyafanya wenyewe kwenye ruta zetu hadi filamu na mechi zikaacha kukwama, kwa sababu wengi wetu hukimbilia kulipia kifurushi kikubwa zaidi ilhali tatizo limo ndani ya nyumba. Netflix inashauri Mbps 5 (megabiti kwa sekunde, kipimo cha kasi ya intaneti) kwa picha safi ya 1080p na Mbps 15 kwa picha safi zaidi ya 4K. Mwenye fiba ya Mbps 20 ambaye hata video ya kawaida inamkwamia anapaswa kujiuliza kwanza kasi yake inapotelea wapi.

Ninaanza na langu. Kila baada ya magharibi, kiduara kilikuwa kinazunguka katikati ya kioo cha televisheni. Kabla ya kugusa mpangilio wowote, nilichomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya nikapima kasi wakati uleule wa kukwama, kisha nikapima tena bila waya nikiwa nimesimama kando ya televisheni. Kwa waya nilipata karibu kasi yote ninayolipia, lakini kando ya televisheni haikufika hata robo. Hapo nikajua kwamba mtoa huduma hana kosa. Ruta ilikuwa ikitumia jina moja kwa masafa yote mawili ya Wi-Fi, GHz 2.4 na GHz 5, na televisheni ilikuwa imeng'ang'ania GHz 2.4, ambayo mtaani kwetu imejaa mitandao ya majirani. Niliingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta, nikatenganisha majina, nikaiunganisha televisheni na GHz 5 peke yake, na tangu hapo tunatazama mechi hadi dakika za nyongeza. Nawaomba kila mchangiaji atueleze kwanza alipimaje, ndipo atuambie alibadilisha nini.

Mkaazi wa Mji Mkongwe, Zanzibar

Nashukuru kwa mada, ila kwetu GHz 5 ndiyo iliyotushinda. Kuta za nyumba yetu ni za mawe na chokaa, unene wake ni dhiraa nzima, na kadiri masafa yanavyokuwa ya juu ndivyo ukuta wa namna hii unavyoyameza. Nilipima chumba kwa chumba: penye ruta kasi ilikuwa nzuri, na nilipovuka ukuta mmoja GHz 5 ilikaribia kupotea kabisa. Ikabidi turudi GHz 2.4 na kuitumia kwa uangalifu. Nilifungua programu ya simu inayoonesha mitandao ya jirani iko kwenye chaneli zipi (njia ndogondogo zilizogawanywa ndani ya masafa), nikaona wengi wamerundikana kwenye chaneli ya 6, nikaihamishia yetu kwenye ya 11. Msichague namba za katikati kama 3 au 8 kwa kudhani kuwa ziko wazi, kwani katika GHz 2.4 chaneli za 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana, na anayekaa katikati huvurugwa na pande zote mbili. Upana wa chaneli niliuacha MHz 20. Kisha nikaitoa ruta ndani ya kabati na kuitundika juu ya ngazi, mahali ambapo milango ya vyumba vyote inaelekea, na mabadiliko hayo ya mwisho ndiyo yaliyosaidia kuliko yote.

Mpangaji, Nairobi

Yangu yalikuwa tofauti, maana vipimo vyote vilikuwa vizuri mchana na video ilikwama jioni tu, watu wote wanaporudi nyumbani. Niligundua kwamba simu zikishika Wi-Fi huanza kupandisha picha na video za siku nzima kwenye hifadhi ya mtandaoni, zote kwa pamoja. Televisheni inapopokea video hurudisha taarifa ndogondogo za kuthibitisha kwamba kila kipande kimefika, na taarifa hizo hupita kwenye njia ileile ya kupakia inayotumiwa na simu hizo. Njia hiyo ikijaa, seva hupunguza mwendo na picha hukwama ingawa kasi ya kupakua bado ipo. Nilifungua sehemu ya QoS kwenye ruta, yaani ya kugawa kasi na kupanga kifaa kipi kitangulie, nikaweka ukomo wa kupakia chini kidogo ya kasi niliyoipima, takriban asilimia 85, kisha nikaipa televisheni kipaumbele. Simu nazo nimeziwekea kupandisha picha usiku wa manane. Naona ajabu kwamba mpangilio huu hauzungumzwi sana, ilhali katika nyumba yenye watu wengi unafaa kuliko kuongeza kifurushi.

Mgeni wa jukwaa, Mwanza

Samahani wakuu, fundi aliniambia nibadilishe DNS niweke 8.8.8.8 na video zitaenda mbio. Je, ni kweli?

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Ndugu, DNS kazi yake ni kutafuta anwani ya seva kabla video haijaanza. Inaweza kuharakisha ufunguzi wa ukurasa, lakini haiongezi Mbps hata moja kwenye laini yako. Pima kwa waya kwanza. Ikiwa hata kwa waya kasi ni ndogo, na majirani wa kampuni nyingine wanalalamika vilevile, basi iache ruta yako ilivyo. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom, zinazotuletea intaneti, zilipopata hitilafu, hakuna mpangilio wa nyumbani ambao ungesaidia.

Mwalimu, Morogoro

Kwa sisi tunaotumia ruta ya 4G yenye laini ya simu, kipimo cha kwanza ni namba ya RSRP, yaani nguvu ya mawimbi yanayopokelewa kutoka mnarani, inayoonekana kwenye ukurasa wa ruta. Huwa ni hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi ya mnara yanavyokuwa na nguvu: -80 ni nzuri, -110 ni dhaifu mno. Upande wa nyumba yetu unaoelekea milima ya Uluguru namba ilikuwa mbaya, na sebule iko upande huohuo. Niliizungusha ruta dirisha hadi dirisha, nikiipa muda namba itulie, nikaishia dirisha la jikoni upande wa pili. Televisheni ikawa mbali nayo, kwa hiyo nikapitisha waya wa mtandao wa aina ya Cat5e juu ya dari. Waya huo unaweza kufika mita 100 bila kupoteza kasi, na tundu la waya kwenye televisheni yangu, ingawa mwisho wake ni Mbps 100, bado hupitisha zaidi ya mara sita ya zile 15 zinazohitajika kwa 4K.