Jambia limekuja na mpini wa rangi nyingine: nirudishe au nikae nalo?

Kengee73
Wakuu salaam. Mimi ni mkusanyaji wa visu. Ninavyo kumi na saba, vyote vya kabatini, hakuna hata kimoja kilichowahi kukata kitunguu. Mwezi uliopita nikaliona jambia kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeko Unguja. Bapa la zamani la Oman, ala ya ngozi iliyotiwa nyuzi za fedha, mpini mpya wa mpingo kwa sababu ule wa asili eti ulipasuka. Picha tatu. Mpini mweusi ti, unang'aa. Chini kaandika: "mpini mpingo halisi, kahawia iliyokolea". Nikatuma laki nne na themanini kwa simu, mzigo ukaja na boti Jumanne.

Nafungua boksi, mpini si mweusi. Ni kahawia. Ukiusogeza dirishani unaona michirizi ya zambarau, na pale mpini unapokutana na bapa, upande wa ndani, kuna mstari wa rangi ya krimu mwembamba kama punje ya mchele. Nimemwandikia muuzaji, kanijibu: "Rangi inategemea simu yako bosi. Mzigo ukishavuka bahari haurudi."

Swali langu ni moja tu. Picha inasema hivi, kitu kinakuja vile. Hasara abebe nani?

Nyani Mzee
Kisu cha laki nne na themanini ambacho hakitakata kitunguu. Mkuu, tatizo lako si rangi.

WakiliWaKijiweni
Twende kwenye sheria kidogo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, kwetu Tanzania Bara Sura ya 214, Kenya Sura ya 31, zote zimechotwa kwenye ile ya Mwingereza ya 1893, na zinasema jambo moja: mali ikiuzwa kwa maelezo, lazima ilingane na maelezo. Ikiuzwa kwa sampuli pamoja na maelezo, haitoshi ilingane na sampuli peke yake. Je, picha ni sampuli au ni maelezo? Mimi nasema ni maelezo, maana sampuli unaishika. Tabu yako mleta mada ni kwamba chini ya picha kaandika "kahawia iliyokolea", nawe umepokea kahawia. Ungekuwa mteja wangu ningekwambia tuongee na muuzaji kwanza, tena kwa sauti ya chini.

Kengee73
Nyani Mzee, una jezi ngapi za mpira nyumbani? Na hujawahi kuingia uwanjani hata kuokota mpira uliotoka nje. Kila mtu na ugonjwa wake.

Nyani Mzee
Jezi navaa. Wewe hilo jambia utalivaa kwenda wapi, Kariakoo?

BintiVuga
Mimi naomba kwanza nielezwe hiyo kahawia. Kahawia ni rangi ya kahawa, haya. Kahawa ipi? Ile ya barazani, inayomiminwa kwenye kikombe kisicho mkono, ni nyeusi. Buni mbichi ina ukijani. Ukitia maziwa inakuwa rangi ya kanzu iliyosahauliwa sandukuni. Muuzaji angeandika hudhurungi yasingetokea haya yote.

Chui wa Bara
Dada, hudhurungi ni njano iliyochafuka. Kama sare za mgambo. Mpingo hauwezi kuwa hudhurungi hata uulazimishe.

BintiVuga
Hudhurungi njano! Nani kakufundisha? Ndiyo maana nasema watu wa bara kwenye rangi msihusishwe. Mna tatu tu: nyeupe, nyeusi, nyekundu. Ng'ombe wa kahawia mnamwita mwekundu, mbwa wa kahawia mwekundu, chai ya rangi nyekundu.

Chui wa Bara
Na ni mwekundu! Muulize mwenye ng'ombe, usimuulize mwenye kamusi. Babu yangu alikuwa na jina la kila baka, la madoa ya shingoni peke yake, la mstari wa mgongoni peke yake, la tumbo jeupe peke yake. Alikuwa anamtambua ng'ombe wake kwenye kundi la watu wanne kwa kuambiwa rangi tu, bila picha. Nyie mwenye ngozi maji ya kunde mnamwita mweupe, halafu mnatufundisha sisi rangi?

Mama Tatu
Jamani rangi ni balaa, msiichezee. Mwaka jana tuliagiza vitambaa vya sare ya harusi ya binti wa dada yangu. Damu ya mzee, akina mama ishirini na wawili, hela imekusanywa kwenye kikundi kwa mbinde. Kitambaa kikaja pinki. Si pinki ya kitoto, pinki iliyoiva, kama ulimi. Nimewaita wanne sebuleni, kila mmoja anakishika anakipeleka mlangoni anakirudisha, hakuna anayesema kitu. Tulivaa hivyo hivyo. Siku hizi mtu akiniuzia mtandaoni namwambia weka msimbazi kando ya kitambaa ndiyo upige picha. Wekundu wa elfu kumi kila mtu anaujua. Noti ikionekana sawa, na kitambaa kiko sawa. Noti ikionekana ya chungwa, simu yake inadanganya.

Nyani Mzee
Mama Tatu umetoa akili kubwa kuliko wakili. Ila muuzaji asiye na elfu kumi afanyeje?

WakiliWaKijiweni
Mimi sikuja kushindana na noti. Nimetaja sheria mbili na mwaka wake, hakuna aliyejibu hata mstari mmoja. Endeleeni na ng'ombe.

SeremalaKilwa
Nimepasua mpingo miaka mingi, naomba dakika mbili. Mpingo ukitoka msumenoni hauwi mweusi ti. Kiini chake ni kahawia ya kuiva iliyoingia zambarau, na mistari myeusi ndani yake. Kuna vipande vyeusi kweli, lakini ule weusi wa kinyago unaojiona uso mara nyingi umesaidiwa na mafuta, au na kiwi ya viatu. Mwenye kinyago cha namna hiyo akisugue na kitambaa cheupe kilicholowa, aone kitambaa kinarudi na nini.

Nje ya kiini kuna tabaka jembamba la rangi ya krimu. Fundi anayebana mbao huliacha kidogo likaingia kwenye kazi. Huo mstari wa punje ya mchele ndiyo lenyewe. Mti laini uliopakwa rangi hauna mstari huo, maana rangi ingeufunika. Kwa hiyo mleta mada umepata mpingo. Kilichokudanganya ni picha: fundi kamaliza kupiga mafuta, mpini umelowa, umepigwa picha chini ya taa. Mbao ikishakunywa mafuta inarudi kwenye rangi yake. Paka tone moja la mafuta ya nazi upande mmoja tu, halafu linganisha pande zote mbili. Mti wenyewe unachukua miaka sabini na zaidi hadi ufae kupasuliwa, Wazungu wanatengenezea klarineti. Sasa mtu analia nini.

Kengee73
Nani kalia? Onyesha niliposema nalia. Nimeuliza swali la haki ya mnunuzi, nimeandika kwa adabu, nimetoa bei. Kulia ni neno lako.

Nyani Mzee
Kipimo rahisi: tumbukiza kwenye ndoo. Mpingo unazama, mti mwingine unaelea.

Chui wa Bara
Nyani Mzee, hilo jambia lina chuma na fedha. Hata mpini ungekuwa wa boya la wavuvi lingezama.

Nyani Mzee
Achomoe mpini kwanza.

MgeniMuscat
Assalaam alaykum. Niko Muscat mwaka wa tisa, na khanjari, hayo majambia ya Oman, naziona kila Ijumaa kwenye viuno vya watu. Mpini wa mpingo sikumbuki kuuona. Ya zamani pembe ya kifaru au pembe ya ndovu, siku hizi msandali na mbao nyinginezo, na za bei ya chini plastiki. Hiki ni kitu kilichowekwa kwenye bendera ya nchi tangu 1970, na UNESCO wakauingiza ufundi wake kwenye orodha ya urithi mwaka 2022. Mleta mada umenunua bapa la Oman lenye kichwa cha Kilwa. Mkusanyaji kulalamikia rangi ya mpini uliobadilishwa ni kama kununua meno ya bandia ukagombana kwa sababu hayakufanana na ya zamani.

SeremalaKilwa
"Kichwa cha Kilwa" maana yake nini, kaka? Huo mpini sikuuchonga mimi. Na ningeuchonga mimi usingekuwa na krimu.

MgeniMuscat
Sikukutusi. Nimesema umetoka pande hizo.

Chui wa Bara
Ngoja, hapa kuna jambo. Wa asili "ulipasuka"? Mpini wa pembe ya kifaru unapasuka tu siku moja, unatupwa, unawekwa mpingo? Au umechomolewa ukauzwa peke yake? Tusijifanye hatujui pembe zile zilikuwa zinaelekea wapi. Kenya walikuwa na faru weusi kama elfu ishirini mwaka 1970, kufikia mwisho wa miaka ya themanini hawakufika mia nne. Nyingi zilikwenda Yemeni kuwa mipini ya majambia, mpaka na wenyewe wakapiga marufuku kuziingiza, 1982. Mleta mada shukuru umepata mpingo. Wangekuletea wa asili ungekuwa unajieleza kwa watu wa wanyamapori, si kwetu.

BintiVuga
Kwa hiyo sasa watu wa Unguja wauza pembe. Rangi imekushinda umehamia kwenye wizi.

Chui wa Bara
Sijasema Unguja. Nimesema mpini.

BintiVuga
Muuzaji yuko wapi? Soma juu.

Maalim wa Zamu
Tusimtuhumu mtu asiyekuwepo kujitetea. Mleta mada kauliza hasara ni ya nani, na jibu lake lilikuwepo kabla ya Mwingereza wa wakili wetu. Imam Shafi katika kauli yake ya baadaye anaona kuuza kitu ambacho mnunuzi hajakiona hakuswihi toka mwanzo. Wafuasi wa Abu Hanifa wanaruhusu, lakini wanampa mnunuzi khiyari ya kuona: akishakiona, ana haki ya kukikataa, hata kikiwa sawasawa na kilivyosifiwa. Kwa njia zote mbili ile kauli ya "ukishavuka bahari haurudi" haina miguu. Linabaki suala moja la kuumiza kichwa, kutazama picha ni kuona? Mimi nasema si kuona. Rangi ya mbao unaiona kwa jicho, si kwa kioo cha simu.

WakiliWaKijiweni
Maalim, "Mwingereza wa wakili wetu" ndiyo sheria inayotumika mahakamani. Na jambia limeshafunguliwa, limeshikwa, linajadiliwa siku ya tatu. Mahakama inaweza kusema umeshalipokea.

Maalim wa Zamu
Nimekuelewa, mwanangu. Ila nimeulizwa haki, sikuulizwa mahakama.

Mama Tatu
Mleta mada, mafuta ya nazi ulipaka?

Kengee73
Nimepaka jana usiku, upande wa kushoto tu, kwa pamba ya masikioni. Nakiri. Ulibadilika palepale, mweusi kama kwenye picha, hata ile michirizi ikapotea. Nikasema basi, Seremala kashinda. Leo asubuhi umeanza kurudi, na sasa hivi saa sita mchana upande mmoja ni kahawia, mwingine kahawia ya jana. Lakini hilo halijibu swali langu! Kama muuzaji alijua utarudi, kwa nini apige picha ukiwa umelowa? Mimi nimenunua mkavu au nimenunua mlowevu?

Nimeutoa barazani, nimeuweka juu ya karatasi nyeupe, na msimbazi kando kama alivyosema Mama Tatu. Picha hiyo hapo juu. Semeni wenyewe ni rangi gani.

Nyani Mzee
Mweusi.

Chui wa Bara
Mwekundu uliokolea. Sasa nicheke nani?

MgeniMuscat
Kwangu ni zambarau kabisa, na noti inaonekana ya chungwa. Nimepunguza mwanga wa simu, mpini umekuwa mweusi. Nimeuongeza, umerudi zambarau.

WakiliWaKijiweni
Picha hiyo haiwezi kupokelewa kama ushahidi.

Mama Tatu
Naona kucha. Mkuu, wewe kucha zako unazikata na nini, na visu kumi na saba ndani?

Nyani Mzee
Mama Tatu umemmaliza!

SeremalaKilwa
Mleta mada, samahani kwa lile neno la kulia. Nimeikuza picha. Fundi aliyefanya hiyo kazi ana mkono: angalia msumari wa fedha ulivyokaa sawa na mbao, hakuna ufa, na mistari ya mti ameipeleka kwa urefu wa mpini, si kwa upana. Wengi wanakosea hapo, na mpini unapasuka mwaka wa pili. Mimi nakupa laki tatu na nusu, na mstari wa krimu na kila kitu. Nauli juu yangu.

Kengee73
Haliuzwi.

SeremalaKilwa
Laki nne.

Kengee73
Mkuu, nimesema haliuzwi. Nataka tu anirudishie elfu hamsini ya rangi.

BintiVuga
Nimeitazama hiyo picha kwa simu yangu, ya mume wangu na ya jirani. Ni hudhurungi.