Naomba ushauri: maelezo ya kuwania tuzo ya uongozi katika sera za umma

Ndugu wanachama, heshima kwenu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mzaliwa wa Kibirizi, Kigoma, na mhadhiri wangu amependekeza jina langu kwa tuzo ya chuo inayotolewa kwa mwanafunzi aliyeitumikia jamii na kuonyesha uongozi katika sera za umma.

Kilichomvutia ni kazi niliyoifanya likizoni pamoja na akina mama wanaoanika dagaa. Uvuvi katika Ziwa Tanganyika uliposimamishwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, kipato chao kilikatika, nami nikawaeleza kwa lugha nyepesi utaratibu wa mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, kisha tukaandika pamoja katiba ya kikundi na andiko la mradi. Waliokwenda na kurudi wakifuatilia usajili, wengine wakiwa na watoto mgongoni, ni wao, wala si mimi.

Sasa natakiwa kueleza uongozi wangu, na kila nikianza kuandika naona kama ninajitwalia jasho lao. Je, niwataje vipi bila kuonekana kwamba sikufanya lolote? Na barua ya uthibitisho ina uzito zaidi ikitoka kwa mtendaji wa kata, au kwa mwenyekiti wa kikundi, ambaye ndiye aliyeniona kazini? Mwisho wa kuwasilisha ni Ijumaa ijayo.